Kabla hujanunua skana: kuhamisha slaidi za sanaa kwenda kwenye kompyuta

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natunza maktaba ndogo ya idara ya sanaa chuoni kwetu. Tumerithi makabati ya chuma yenye slaidi zinazokaribia 6000 (vile vipande vya filamu ndani ya fremu ndogo, vya kuoneshwa ukutani kwa projekta), zilizopigwa na kukusanywa na walimu tangu miaka ya 1960: michoro, vinyago, majengo, kazi za wanafunzi, na sanaa nyingi ya Ulaya. Projekta ya mwisho imekufa na taa yake haipatikani tena. Mkuu wa idara ameahidi fedha za skana moja na kijana wa mafunzo kwa vitendo wa miezi mitatu. Anataka tuskani zote, halafu makabati yatoke ili chumba kipate meza za kompyuta. Tununue skana gani, na tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile ambalo mkuu wako hatalipenda: msiskani zote, na makabati yasitoke kwanza. Skana nitaifikia, lakini hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii.

Piga hesabu. Skana ya filamu inayosoma nukta 4000 kwa inchi, ikiwa imewashiwa usafishaji wa vumbi, inachukua dakika kadhaa kwa slaidi moja. Tuseme nne. Slaidi 6000 ni dakika 24,000, yaani saa 400. Kijana akikaa saa nane kila siku bila kuinua kichwa, hizo ni siku 50 za kazi, na miezi mitatu ina siku za kazi kama 65. Inaonekana muda unatosha. Lakini hapo bado hajapuliza vumbi, hajageuza slaidi iliyokaa kichwa chini, wala hajaandika jina la msanii hata mmoja, na kuandika kunakula muda kuliko kuskani. Idara inayoanza na mashine huishia na folda ya faili 6000 zenye namba za mashine tu. Msanii ni nani, mchoro uko wapi, nani alipiga picha na lini, vyote vilikuwa vimeandikwa kwa kalamu kwenye fremu ya karatasi, na fremu haikuskaniwa. Makabati nayo yameshapelekwa jalalani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua, na mtaweza kuondoa nyingi bila majuto. Kwenye mkusanyiko wa kufundishia kama wenu, fungu kubwa ni picha zilizonakiliwa kutoka vitabuni. Mwalimu wa zamani alikuwa akiweka kitabu chini ya kamera, anapiga ukurasa, anapata slaidi ya Giotto au ya Rembrandt, wachoraji wa kale wa Ulaya, kwa somo la kesho yake. Zitazame kwa kioo cha kukuzia juu ya meza ya mwanga, yaani kioo cheupe chenye taa chini yake, na utazitambua mara moja. Picha imeundwa kwa vitone vidogo vya wino wa kiwanda cha uchapaji, pembeni kuna kivuli pale kurasa zinapokunjana, na pengine mstari wa maelezo ya chini umekatika nusu. Kuskani slaidi ya aina hiyo ni kupiga picha ya picha ya picha. Michoro hiyohiyo leo inapatikana bure na safi kutoka kwa wenyewe. Rijksmuseum ya Amsterdam imefungua mkusanyiko wake mtandaoni. Metropolitan Museum ya New York ilitoa zaidi ya picha 375,000 mwaka 2017, kila mtu azitumie apendavyo. National Gallery of Art ya Washington na Art Institute of Chicago nazo zimefanya hivyo kwa kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha. Andikeni orodha ya slaidi hizo, ili ijulikane walimu wenu walikuwa wakifundisha nini, kisha mziweke kando.

Kinachobaki ndicho kilichonifanya nikujibu kwa urefu. Humo makabatini mna picha ambazo hakuna jumba lolote la makumbusho duniani linalo. Fikiria Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania. Alichora kwa miaka michache tu, kuanzia 1968 hadi alipouawa 1972, kwenye vipande vya hardboard (ubao mwembamba wa kushindiliwa), kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Kazi zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores pale Oysterbay, Dar es Salaam, wageni wakazinunua, zikapanda ndege. Mwalimu aliyepita pale na kamera akapiga picha mbili tatu alihifadhi ushahidi ambao mwanahistoria wa sanaa wa leo angeutafuta kwa taa. Au mchukue Sam Ntiro, mchoraji mwingine wa Tanzania. Mchoro wake wa 1956 wa wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku uko Museum of Modern Art, New York, na picha yake si shida kuipata. Lakini msanii hana mchoro mmoja. Ile mingine iliyotundikwa kwenye maonyesho ya siku tatu kisha ikanunuliwa na watu binafsi, huenda sura yake imebaki kwenye kipande cha filamu cha milimita 24 kwa 36 ndani ya droo yenu.

Kuna na kazi ambazo hazipo tena kabisa. Paa ya Paa, jumba la sanaa ambalo msanii Elimo Njau na wenzake walilianzisha Nairobi mwaka 1965, liliungua 1997 na kazi nyingi zikateketea. Mtu yeyote mwenye slaidi za maonyesho ya pale kabla ya moto ameshika kitu ambacho hakirudiwi. Milango ya kuchonga ya Unguja na Lamu inapakwa rangi upya, inauzwa, inang'olewa. Michoro ya ukutani inafunikwa kwa chokaa mwaka ambao taasisi inapata fedha za ukarabati. Halafu kuna kazi za wanafunzi wa mwaka wa tatu wa 1974, ambazo hata wenyewe hawana. Mkiziskani hizi peke yake, pengine slaidi 1500 au 2000, na mkaziandikia vizuri, mtakuwa mmefanya kazi kubwa kuliko chuo kilichoskani 20,000 bila majina.

Sasa, kabla slaidi hata moja haijatoka mahali pake, rekodi mpangilio ulivyo. Piga picha kila droo kwa simu, kila trei, kila kibandiko cha kabati. Mpangilio ule ni mawazo ya mtu: mwalimu aliyeweka kinyago cha Kimakonde karibu na sanamu ya Ulaya alikuwa anajenga hoja ya somo. Ukizichanganya ili uzipange kwa alfabeti, hoja hiyo imekufa. Kisha mpe kila slaidi namba isiyojirudia, uiandike kwenye fremu kwa penseli laini au kalamu isiyochuja, na upige picha fremu mbele na nyuma. Simu ya kawaida inatosha kabisa. Usidharau chochote kilichoko juu yake. Fremu nyingi za Kodak zina mwezi na mwaka zilipooshwa, umepigwa mhuri. Hiyo ni tarehe ya maabara, na filamu inaweza kuwa ilikaa kwenye kamera miezi mingi, lakini inakuambia kwamba picha haikupigwa baada ya hapo. Mwandiko unakuambia ni mwalimu gani. Kidoa cha rangi kwenye kona, kwa kawaida chini kushoto ukiwa umeishika sawasawa kuitazama, kinakuambia ipi ni juu na ipi ni chini. Ukiwa na shaka kama picha imegeuzwa kulia kushoto, tafuta sahihi ya msanii au maandishi yoyote ndani ya picha. Pia upande wa filamu wenye dawa, yaani tabaka linalobeba picha, hauna mng'ao kama ule mwingine, na ukiuinamisha kwenye mwanga utaona kama michoro imeinuka kidogo.

Halafu nendeni kwa wazee. Hili nakusihi kama mwanangu: lifanyike mwezi wa kwanza, wala lisingoje skana. Waulizeni walimu wastaafu wa idara ni nani wako hai na wako wapi. Bebeni meza ndogo ya mwanga na kioo cha kukuzia, au hizo picha za simu mzioneshe kwenye kompyuta, washa kinasa sauti, mwacheni azungumze. Soma namba ya slaidi kwa sauti kabla ya kila jibu ili baadaye mjue anazungumzia ipi. Mzee atakutajia msanii, kijiji, mwanafunzi aliyeshika kinyago pembeni, sababu ya safari ile. Mashine inaweza kununuliwa mwakani. Kumbukumbu ya mzee wa miaka 85 haina uhakika huo. Fedha za nauli na chakula cha ziara hizi zitoke kwenye bajeti ya mradi waziwazi, zisionekane kama matembezi.

Hali ya slaidi zenyewe itakuamulia zipi zitangulie. Kama chuo chenu kiko karibu na bahari, tegemea kuvu: nyuzi nyeupe zinazotambaa kama utando wa buibui kwenye dawa ya picha, kwa sababu dawa hiyo imeshikwa kwa jelatini na kuvu hula jelatini. Slaidi zenye kuvu zitengwe kwenye boksi lake, zikaushwe, zishughulikiwe kwa barakoa na glovu. Vumbi la kawaida lipulizwe kwa kipulizio cha mpira na brashi laini. Pumzi ya mdomo ina mate. Upindo wa shati unakwaruza. Maji yanaivimbisha jelatini na kuifanya ing'oke, kwa hiyo chupa ya maji isikae hata kwenye meza hiyo. Zilizofungwa kati ya vioo viwili zina tatizo lake, maana unyevu hunaswa humo, na ukiziskani hivyo zinaleta miduara ya rangi kama mafuta juu ya dimbwi. Zitoe kwenye vioo, uziweke kwenye fremu mpya za plastiki, na fremu ya zamani yenye maandishi ihifadhiwe pamoja nazo. Ukisikia harufu ya siki ukifungua droo, filamu yenyewe imeanza kuoza. Hizo zitengwe siku hiyohiyo, maana mvuke wake unaharakisha kuoza kwa jirani zake, na ziskaniwe mapema.

Rangi nazo hazichakai kwa mwendo mmoja. Filamu ya Kodachrome, iliyotengenezwa tangu 1935 hadi 2009, hudumu sana ikikaa gizani, lakini mwanga wa projekta huimaliza upesi. Maana yake ni kwamba slaidi ambazo mwalimu alizipenda na kuzionesha kila mwaka ndizo zilizofifia kuliko wenzake waliolala droo. Filamu za Ektachrome za miaka ya 1950 na 1960 hufifia hata gizani na kugeuka wekundu wa zambarau. Jina la filamu mara nyingi limechapwa kwenye fremu. Anza na hizo za wekundu, kwa sababu kila mwaka zinapoteza kitu.

Sasa mashine. Una njia tatu. Skana bapa kama Epson V850 inabeba slaidi 12 kwa mkupuo na inafanya kazi nyingine za ofisi pia, ila ukali wake halisi ni mdogo kuliko namba iliyoandikwa kwenye boksi. Skana ya filamu kama Plustek ni kali zaidi lakini unailisha slaidi moja moja kwa mkono. Nikon Coolscan zilikuwa bora, lakini hazitengenezwi tena, na ukinunua iliyotumika unajitafutia fundi. Njia ya tatu, ambayo ningeichagua mimi kwa idara ya sanaa, ni kamera: kamera ya pikseli milioni 24 yenye lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu), stendi imara inayotazama chini, na sahani ya mwanga mweupe. Pengine idara yenu ina kamera na stendi tayari, na fedha za skana mkazitumia kununua lenzi na mwanga mzuri. Kila slaidi inachukua sekunde chache.

Usibane matumizi kwenye mwanga. Taa za bei rahisi hazina baadhi ya rangi ndani ya mwanga wake, na rangi isiyokuwemo kwenye taa haiwezi kuonekana kwenye picha. Tafuta yenye alama ya CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonesha rangi kwa usahihi, ya 95 au zaidi. Funika sahani yote kwa karatasi nyeusi ubakize dirisha la slaidi tu, na uzime taa za chumba. Hasara ya kamera ni kwamba haina ule mwale wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao skana hutumia kutambua vumbi na kulifuta. Lakini mwale huo haufanyi kazi kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, na kwenye Kodachrome unababaisha, unaweza hata kufuta mistari halali ya mchoro. Kwa kazi ya sanaa, mimi naona heri vumbi libaki kuliko programu kubuni rangi mahali pa msanii.

Kwenye ubora, faili mama, yaani ile ya asili ambayo nakala zote hutoka kwake, iwe TIFF (aina ya faili isiyopoteza taarifa za picha) ya biti 16 kwa kila rangi, katika wigo mpana wa rangi uitwao Adobe RGB. Filamu ya milimita 24 kwa 36 kwa nukta 4000 inatoa karibu pikseli 5670 kwa 3780, na faili ya aina hiyo ina kama megabaiti 130. Slaidi 2000 ni gigabaiti 260, kiasi ambacho diski moja ya kawaida inameza bila shida, kwa hiyo usikubali mtu akushawishi uhifadhi JPEG, aina ya faili iliyobanwa inayopoteza baadhi ya taarifa, peke yake ili kuokoa nafasi. JPEG ni kwa ajili ya darasani: itoeni kutoka kwenye TIFF, upande mrefu pikseli 3000, katika sRGB, wigo wa rangi wa skrini za kawaida. Faili mama isirekebishwe rangi hata kidogo, wala isikatwe kingo; ule mpaka mweusi wa fremu unathibitisha kwamba hamjapunguza kitu. Slaidi iliyogeuka nyekundu irekebishwe kwenye nakala, na nakala iandikwe kwamba imerekebishwa. Nimeona wanafunzi wakijadili kwa dhati kipindi chekundu cha mchoraji fulani, kumbe ni filamu iliyozeeka.

Nikufikishe kwenye jedwali, maana hapa ndipo mradi unaposimama au unapoanguka. Jina la faili liwe namba ile iliyoko kwenye fremu na si kingine. Usiweke jina la msanii kwenye jina la faili, kwa kuwa siku mkigundua mlikosea itabidi mbadili kila mahali. Maelezo yakae kwenye jedwali, na jedwali litenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku: kazi ya sanaa, na picha ya hiyo kazi. Mchoro ulichorwa 1956, slaidi ikapigwa 1971. Mchoraji ni mtu mmoja, mpigapicha ni mwingine. Mchoro ni rangi ya mafuta, slaidi ni Kodachrome. Safu zote hizo ziwe peke yake. Watunza picha wa vyuo vya Marekani walijenga utaratibu mzima wa safu juu ya utengano huu, unaitwa VRA Core, na unaweza kuufuata bila gharama. Majina ya wasanii wanaojulikana kimataifa yalinganishe na ULAN, orodha ya majina ya wasanii ya taasisi ya Getty ya Marekani. Majina ya wasanii wetu wengi hamtayakuta humo, basi tengenezeni orodha yenu na mshikilie tahajia moja, la sivyo Tingatinga atakuwa watu wawili, mmoja kwa neno moja na mwingine kwa maneno mawili. Ongeza safu ya chanzo cha habari: imesomwa kwenye fremu, imesemwa na mwalimu fulani, au ni dhana yetu. Mahali pasipojulikana pabaki wazi. Jedwali lihifadhiwe pia kama CSV, faili ya maandishi matupu inayofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali, na maelezo ya msingi yachomekwe ndani ya faili zenyewe kwa programu ya bure ya ExifTool, ili picha ikipotea njia ibebe jina lake.

Nasisitiza hayo kwa sababu majukwaa hayadumu. Maktaba ya picha ya mtandaoni iitwayo Artstor ilifunguliwa 2004, na vyuo vingi vikaitegemea kwa picha za kufundishia badala ya slaidi. Mwaka 2024 tovuti yake ilifungwa na picha zikahamia JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma. Safari hiyo picha zilipata pa kwenda. Nyie msitegemee bahati hiyo: chochote mtakachojenga mtandaoni, faili mama na jedwali viwe mikononi mwenu. Wekeni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo jingine au mji mwingine. Kila faili ipigiwe alama ya SHA-256 (namba ndefu ambayo kompyuta huikokotoa kutoka kwenye faili, na ambayo hubadilika faili ikiharibika) siku inapozaliwa, na kila mwaka mtu aliyetajwa kwa cheo chake azihakiki alama hizo.

Kuhusu haki, kila slaidi ina tabaka mbili, ya msanii na ya mpigapicha. Tanzania, Kenya na Uganda zote zinalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kuonesha darasani ni jambo moja, kutundika mtandaoni kwa dunia nzima ni jingine. Pateni barua ya ruhusa kutoka kwa walimu waliopiga picha au familia zao, na mwandikieni mwanasheria wa chuo mapema. Kuna na picha za jando, unyago na mazishi ambazo wahusika hawakupigwa ili zionwe na kila mtu. Hizo zibaki kwa watafiti wanaokuja na kueleza sababu.

Turudi kwa mkuu wako na meza zake. Slaidi mlizoziskani haziendi popote, kwa kuwa ndizo asili. Miaka 20 ijayo kifaa kitakuwa bora na mtazihitaji tena. Zihamishieni kwenye kurasa za plastiki ya polipropilini, kamwe si PVC, ndani ya chumba chenye ubaridi na ukavu, na mifuko ya silika ya kufyonza unyevu, inayokaushwa mara kwa mara. Lakini zile nakala za vitabuni, mkishaziorodhesha, zinaweza kufungwa kwenye maboksi na kupelekwa stoo, au kutolewa kabisa idara ikiridhia kwa maandishi. Kwa jinsi ulivyoueleza mkusanyiko wenu, hizo peke yake zitaacha wazi zaidi ya nusu ya makabati. Mpelekee hesabu hiyo kwanza, pamoja na ile ya siku 50, kisha ndipo umwombe aongeze nauli ya kwenda kwa wazee.